UZI: Black and Tan (1929) ya Duke Ellington. Ile picha kuvunjika vipande ni mbwembwe au ina kazi?

#1 MkandaMweusi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa filamu moja fupi, dakika 19, ila nadhani ina mengi ya kuchambua kuliko filamu nyingi za saa mbili.

Kwa wasioijua: Black and Tan iliongozwa na Dudley Murphy, ikatengenezwa New York kwa mtambo wa sauti wa RCA Photophone, ikasambazwa na RKO mwishoni mwa 1929. Ndiyo mara ya kwanza Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi, kuonekana kwenye filamu. Wenzake ni mwanadada Fredi Washington, mchezaji dansi, mpiga tarumbeta Arthur Whetsol, bendi yake ya klabu ya Cotton Club, wacheza dansi watano walioitwa Five Hot Shots, na kwaya ya Hall Johnson.

Kisa chenyewe ni chembamba. Duke hana hela, wapagazi wawili wamekuja kubeba piano kwa deni. Fredi anaingia na habari kwamba kapata kazi klabuni, anawahonga wapagazi chupa ya jini, piano inabaki. Moyo wake ni mgonjwa na hatakiwi kucheza. Anacheza, anaanguka jukwaani. Meneja anataka shoo iendelee, Duke anaikatisha bendi katikati ya wimbo na kuondoka. Fredi anakufa kitandani huku akipigiwa wimbo wa Duke, Black and Tan Fantasy, kama alivyoomba.

Sasa hoja yangu. Pale klabuni, Fredi akiwa pembeni anasubiri zamu yake, kizunguzungu kinamshika. Hapo picha inavunjika: bendi inakuwa bendi nne, tano, wacheza dansi wanajirudia kama kwenye kioo kilichopasuka. Wengi huiita "mbwembwe za kisanaa za miaka ya ishirini". Mimi nasema ile ndiyo nguzo ya filamu nzima. Kuna mtu anaona vile, ndani ya hadithi, na sababu ya kuona vile ndiyo itakayomuua. Filamu za muziki zilizofuata zilichukua lile pambo zikaacha sababu yake.

Karibuni mnipinge.

#2 Kinanda_Bubu

Nakupinga mapema, mkuu. Murphy huyu huyu alikuwa kwenye filamu ya Ballet mécanique ya 1924 pamoja na mchoraji Fernand Léger, na vioo vya kuvunja picha vimejaa mle bila mgonjwa wala hadithi. Mtu ana kifaa mfukoni miaka mitano, anatafuta pa kukitumia. Kizunguzungu cha Fredi ni kisingizio tu.

#3 MkandaMweusi

Hata kikiwa kisingizio, mkuu, ni kisingizio kinachofanya kazi. Nyundo haijali ilinunuliwa kwa ajili ya mlango gani.

#4 FundiLenzi

Mnabishana kuhusu nia ya Murphy wakati jibu liko kwenye mashine. Tuangalie 1929 kamera ilikuwa na hali gani.

Kamera ya wakati ule inapiga kelele kama cherehani. Maikrofoni inaisikia. Kwa hiyo studio nyingi ziliifungia kamera na mpigaji wake ndani ya kibanda chenye kuta nene na dirisha la kioo. Ukishaifungia, imeganda. Haizunguki, haimfuati mchezaji, na vibanda haviwezi kusogezwa wakati sauti inarekodiwa. Taa za arki nazo zinavuma, hivyo zikabadilishwa na taa za nyuzi za tangisteni, ambazo ni kimya lakini zinachoma. Kibanda kinakuwa tanuri.

Kubwa zaidi: muziki kwa kawaida ulirekodiwa hapohapo, bendi ikipiga mbele ya kamera. Plebeki, yaani kurekodi kwanza kisha watu waigize juu ya rekodi, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Sauti na picha za moja kwa moja zinakufunga: ukikata picha unakata na muziki, labda uwe na kamera tatu zinazozunguka pamoja.

Katika hali hiyo kioo chenye pande nyingi mbele ya lenzi ni ukombozi. Kamera imesimama pale pale, bendi haijasogea, wimbo haujakatwa, lakini picha nzima inatembea. Unazungusha kioo kwa mkono, na vipande vinazunguka. Unapata mwendo bila kupoteza hata mpigo mmoja.

Sakafu nayo ni ujanja wa namna hiyo hiyo. Tazameni Five Hot Shots: watano wamepangana kifua kwa mgongo, karibu sana, miguu inakwenda kama ya mnyama mmoja. Sakafu inang'aa, kwa hiyo chini yao kuna watano wengine kichwa chini miguu juu. Kamera haijafanya lolote, ila fremu imejaa watu kumi. Mtu aliyenyimwa miguu ya kamera alitafuta kila kitu kinachoweza kutembea badala yake: kioo, sakafu, kivuli.

#5 Binti_Ngoma

Na kivuli ndicho kinachofunga filamu. Chumba cha mwisho, kwaya inaimba, vivuli vya watu na mikono iliyoinuliwa vimepanda ukutani vikubwa kuliko wao. Chumba kidogo kinakuwa kanisa.

#6 TarumbetaKavu

Naomba kuwarudisha kwenye muziki maana mnaongea kama filamu ni ya bubu.

Black and Tan Fantasy ni ya 1927, Ellington na mpiga tarumbeta wake Bubber Miley. Inaanza na bluzi ya vipimo (baa) 12 kwa maina, ile ngazi ya huzuni, na sauti yake ya kwanza Miley aliichota kwenye wimbo wa dini, The Holy City. Kisha inaingia sehemu ya Ellington ya vipimo 16, laini, ya meja, ya ukumbini. Kisha solo za bluzi. Mwisho wake ni kipande cha machi ya mazishi ya Chopin. Kwa hiyo kifo cha Fredi hakikubandikwa juu ya wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa na jeneza ndani miaka miwili kabla ya filamu; Murphy kaufungua tu.

Filamu inapigwa Miley ameshaondoka kwenye bendi. Kwenye mazoezi ya mwanzo, kule chumbani, sehemu yake anaipiga Whetsol, ambaye tabia yake ni tofauti kabisa: sauti nyembamba, tamu, ya huzuni. Miley alikuwa anakoroma na kulia kama mtu aliyefiwa jana. Whetsol anapiga kama aliyefiwa zamani. Ile ladha ya upole mnayoisikia pale inatoka hapo.

Ule mkoromo unavyotengenezwa, kwa wapigaji mliomo humu: kizibo kidogo kilichonyooka kinaingia ndani ya mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, na juu yake mkono wa kushoto unashika mpira wa kuzibulia sinki, ule ule wa dukani, mti umeng'olewa. Kwa tarumbeta chagua wa sinki, upana wa karibu sentimita 13. Wa choo ni mkubwa, huo waachieni wa tromboni kama Joe Nanton. Koo linanguruma wakati midomo inapuliza. Kosa la kawaida ni kuziba kabisa: hewa inakwama, noti inakufa, na tuni inahama. Acha mwanya wa kidole pembeni hata unapodhani umefunga. Kosa la pili ni kukoroma mfululizo kuanzia noti ya kwanza mpaka ya mwisho. Miley alikoroma kwenye noti chache alizozichagua. Nyingine alizipiga safi ili zile chache ziume.

#7 Kinanda_Bubu

Hapo kwa jeneza nimekuelewa, mkuu. Basi tuseme nusu yangu nusu yenu.

#8 Mgeni_wa_Jazi

Shikamooni wakubwa. Nimetafuta mtandaoni nimekuta nakala kama sita. Moja nyuso ni pana kama chapati, nyingine vichwa vimekatwa, nyingine inaonekana haraka haraka. Ipi ndiyo sahihi?

#9 Sauti_ya_Mkwaruzo

Marahaba. Zote unazozitaja ni magonjwa yanayojulikana, na kila moja lina dalili yake.

Umbo la picha kwanza. Filamu ya milimita 35 ya kimya ilikuwa na fremu ya 1.33 kwa 1, yaani upana kwa kimo. Sauti ilipoanza kuchapwa pembeni mwa filamu, mstari wake ulikula upana, picha ikabaki kama 1.19 au 1.20 kwa 1, karibu mraba. Hali hiyo ilidumu mpaka kipimo kipya cha 1932. Mtu asiyejua akiiweka kwenye 1.33 ana njia mbili za kuharibu. Akiinyoosha kwa upana, nyuso zinanenepa kwa takriban asilimia 12: chapati yako hiyo. Akikata juu na chini, anapoteza kama asilimia 10 ya kimo. Kwenye filamu ya dansi hilo ni balaa, maana kinachokatwa ni miguu na ile taswira ya sakafuni aliyoisema FundiLenzi. Nakala sahihi kwenye skrini ya leo ina mistari minene myeusi kulia na kushoto. Ukiona imejaa skrini nzima, ikimbie.

Mwendo. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Nakala zilizopitia mfumo wa televisheni wa PAL, uliokuwa wetu miaka yote ile, zilipigwa kwa fremu 25. Hiyo ni haraka kwa asilimia 4 na kidogo. Muziki unapanda kwa karibu robo tatu ya nusu-toni, na dakika 19 zinakuwa 18 na sekunde 14 hivi. Ukipiga piano juu ya nakala hiyo hutapata kii (ngazi ya wimbo) yoyote: uko katikati ya vitufe viwili. Dawa ni kurudisha faili kwenye fremu 24, picha na sauti pamoja, bila kuruhusu programu "ikulindie" kimo cha sauti. Ikilinda, mwendo unakuwa sahihi na kii inabaki mbovu.

Mruko. Kwenye filamu ya 35 sauti ya fremu fulani huchapwa fremu 20 mbele yake, kwa sababu kichwa cha kusomea sauti kiko chini ya dirisha la picha. Filamu ikikatika na kuungwa, utaona picha inaruka, na sekunde 0.8 hivi baadaye muziki unaruka. Huo ni mruko halali wa filamu ya zamani. Vikiruka vyote kwa pamoja, kuna mtu kakata baadaye, kwenye kompyuta au kanda ya video.

#10 Mgeni_wa_Jazi

Asante sana. Na ile sauti ya mchanga nyuma? Nikiisafisha na programu muziki unakuwa kama uko chini ya maji.

#11 Sauti_ya_Mkwaruzo

Kwa sababu umesafisha mno. Mtambo wa RCA ulikuwa na kioo kidogo kinachotikisika na kuchora wimbi kama meno ya msumeno ukingoni mwa filamu: upande mmoja mweusi, upande mwingine wazi. Bendi inaponyamaza, upande ulio wazi unabaki mpana, na kila vumbi na mkwaruzo ulio hapo unasikika. Ndiyo maana mchanga unazidi pale penye utulivu, hasa chumbani mwishoni. Usiukate wote. Ondoa milio ya "tik" moja moja kwanza, kisha punguza mchanga desibeli 4 hadi 6, basi. Ukienda 15 unakula pumzi ya klarineti ya Barney Bigard na kugonga kwa viatu.

Angalizo: filamu imetengenezwa Marekani, kwa hiyo ungurumo wa umeme ukiwepo utakuwa kwenye hezi 60 na 120. Programu nyingi ukiziwekea eneo letu zinakupa kichujio cha hezi 50. Utakuwa unachonga besi ya Wellman Braud bure na ungurumo unabaki palepale. Na kwenye nakala ya PAL ungurumo huo unahamia 62.5, hivyo unaweza hata kukusaidia kugundua mwendo mbovu.

Kuhusu kuipakua: filamu za 1929 ziliingia mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2025. Urejeshaji mpya wa picha na sheria za nchi nyingine ni habari tofauti, angalia kabla ya kuiweka kwenye chaneli yako.

#12 PichaMotomoto

FundiLenzi, tupe maelekezo. Tunataka kupiga video ya wimbo kwa simu, tupate ule mvunjiko bila kuuweka kwenye kompyuta.

#13 FundiLenzi

Sawa. Kwanza tofautisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya.

Kioo chenye pande zilizochongwa (unaweza kutumia kipande kizito cha taa za mapambo, kile cha bapa nyuma) kinarudia picha nzima pembeni yake yenyewe: tarumbeta moja inakuwa tano, zote zimesimama wima. Bomba la vioo vitatu linatoa nyota: picha inajikunja kama ua, nyingine kichwa chini. Wapigaji wakijirudia bila kupinduka, kama kwenye filamu hii, unatafuta cha kwanza.

Cha kwanza: kishike sentimita 2 hadi 5 mbele ya lenzi, usikigandishe kabisa. Lenzi ya simu ni ndogo, kwa hiyo mishono kati ya pande itaonekana kama mistari migumu. Ukisogeza mbele na nyuma utapata mahali inapolainika. Tumia lenzi ya kawaida au ya mara 2, ile pana itaonyesha vidole vyako. Funga fokasi na mwanga kabla ya kuanza, la sivyo simu itahangaika kufokasi kwenye ukingo wa kioo na picha itapumua. Nyuma ya msanii kuwe kweusi kabisa, kitambaa kisichong'aa, mita 2 au zaidi nyuma yake. Hili ndilo watu hulisahau: ukuta mweupe ukijirudia mara tano unafuta nyuso zote. Taa itoke ubavuni. Zungusha kioo polepole, mzunguko mmoja kwa vipimo vinne vya wimbo, na usimame mpigo unapoanguka.

Bomba: vioo vitatu vya sentimita 4 kwa 15, nyuso zinazoakisi ndani, vimefungwa pembetatu kwa utepe wa gundi wa karatasi. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kina rangi yake nyuma, kwa hiyo kitatoa mwangwi wa picha, kila mstari mara mbili. Ukipata kinachoakisi kwa mbele ni bora.

Sakafu sasa. Plastiki nyeusi inayong'aa ya milimita 3, au vigae vyeusi vilivyopo ukumbini. Hesabu eneo kabla ya kununua. Kamera ikiwa sentimita 30 juu ya sakafu, mchezaji wa mita 1.7 akiwa mita 5 mbele, taswira ya kichwa chake kwenye mng'ao inaangukia sentimita 75 tu kutoka kwenye kamera. Unahitaji mng'ao wa mita 4 na robo, pamoja na pale anaposimama. Ukipandisha kamera mpaka mita 1.5, mita 2 na 70 zinatosha, lakini taswira inafifia, kwa sababu kitu kinachong'aa huakisi zaidi ukikitazama kwa ulalo. Kama kuna kichujio cha kuondoa mng'ao mbele ya lenzi, kitoe. Kinaweza kuiua taswira. Futa sakafu kila baada ya teki. Viatu vya chuma vitaikwaruza plastiki, kwa hiyo anza na picha za miguu kwa karibu wakati bado ni mpya.

#14 PichaMotomoto

Barikiwa mkuu. Hiyo hesabu ya sakafu ingetuumiza.

#15 Binti_Ngoma

Jamani mmelisahau jina. "Black and tan" ziliitwa klabu ambazo weusi na weupe walichanganyika kama wateja. Cotton Club ya Harlem, ambako Ellington alianza Desemba 1927, haikuwa hivyo: wasanii weusi, wateja weupe tu. Kwa hiyo bendi ya klabu ya ubaguzi inapiga wimbo wenye jina la klabu za mchanganyiko, na filamu inajitajia jina hilo. Siwezi kusema Murphy alikusudia, ila kejeli ipo.

Kisha Fredi Washington mwenyewe. Kwenye The Emperor Jones ya 1933, tena ya Murphy, alipakwa rangi ya kumfanya mweusi zaidi, kwa hofu kwamba watazamaji wangedhani mwigizaji mweusi Paul Robeson anambusu mzungu. Kwenye Black and Tan kaachwa kama alivyo, mpenzi wa Duke, mwenye kazi na uamuzi wake. Wale wapagazi wawili ni vichekesho vya kibaguzi vya zama zile, wanababaika hata kusoma namba. Filamu moja, dakika chache, ina uso uliochorwa kwa dharau na uso uliochorwa kwa heshima, chumba kimoja. Mtu asiifiche sehemu ya kwanza kwa kuipenda ya pili.

(Robeson huyo, kwa wanaopenda viunganishi, alijifunza Kiswahili London miaka hiyo hiyo ya thelathini.)

#16 Kinanda_Bubu

Urithi sasa. Mwaka ule ule Murphy alitengeneza St. Louis Blues, filamu pekee ya mwimbaji wa bluzi Bessie Smith, na kwaya ile ile ya Hall Johnson. Kamera imetulia zaidi, hakuna vioo. Na mimi naiona inazidi hii. Bessie kaegemea kaunta na glasi yake, anaimba, na kwaya yote ya baa inamwitikia. Hahitaji kuvunjwa vipande.

#17 MkandaMweusi

Kwa uimbaji sina ubishi. Kwa lugha ya picha, hapana: ile ni jukwaa lililopigwa picha vizuri.

Ukifuata mstari wa Black and Tan unafika Symphony in Black ya 1935, Ellington tena, akiwa na mwimbaji Billie Holiday kijana kabisa, chini ya Fred Waller wa Paramount (ndiye baadaye aliyebuni Cinerama, sinema ya skrini pana). Mle vivuli na mipangilio ya miili inafuata muziki sehemu kwa sehemu. Kisha Jammin' the Blues ya 1944, ya mpiga picha Gjon Mili: moshi, kofia ya mpiga saksofoni Lester Young inayoanza kama duara tu, mtu mmoja kujirudia mara nyingi kwenye fremu. Pale walikuwa na plebeki na uchapaji wa kimaabara, kwa hiyo waliweza lolote. Mpiga gitaa Barney Kessel, mzungu pekee, alifichwa kivulini. Ni nzuri kupita kiasi. Lakini hakuna anayeona vile. Kurudia kumekuwa urembo.

#18 Sauti_ya_Mkwaruzo

Msizisahau Soundies, 1940 hadi 1947, filamu za dakika tatu za kuweka senti 10 kwenye mashine ya Panoram, baa na hotelini. Filamu nane kwenye mkanda mmoja wa milimita 16 usio na mwisho. Huchagui, unapata inayofuata. Ndani ya kabati picha ilirushwa kwa vioo kwenye skrini kutoka nyuma, hivyo nakala zilichapwa kinyume makusudi. Ukikuta mtandaoni mpiga tarumbeta anabonyeza vitufe kwa mkono wa kushoto, au koti limefungwa upande usio wake, si kwamba bendi nzima ilikuwa ya mashoto. Aliyeiskani hakuigeuza.

#19 TarumbetaKavu

Nirudi kwa MkandaMweusi na hoja yake ya #1, maana kuna ushahidi hamjautaja. Itazameni fremu ya mwisho. Fredi yuko kitandani, tarumbeta inalia, machi ya mazishi inakaribia, na tunamwona Duke kwa macho ya Fredi. Uso wa Duke unaanza kuyeyuka. Hauvunjiki kama klabuni. Unafifia, unapoteza kingo, mpaka hauna sura. Kule moyo ulikuwa unakimbia na picha ikawa nyingi. Huku unasimama na picha inakuwa moja, kisha haipo. Kama kile kioo kilikuwa kifaa tu kilichokuwa mfukoni, mwisho angekitoa tena.

#20 Kinanda_Bubu

Nimeenda kuitazama upya dakika ya mwisho. Sina neno.